Jina la Wapagazi

Ukitaja Kariakoo ya Dar es Salaam, wengi huwaza vitenge, simu na bei ya jumla. Lakini jina lenyewe limetokana na wabeba mizigo. Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya wapagazi wa vita. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Vinywani mwa watu kikawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba risasi na chakula cha askari, na maelfu yao wakafa kwa maradhi na njaa. Jengo la soko alilolisanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na jina la wapagazi likabaki palepale.

Hata leo, alfajiri, kijana anapenya kwenye umati, gunia la vitunguu begani, shingo imekakamaa, akipaza sauti: "Pisha, mzigo!" Muuzaji na mteja watavutana bei mpaka waelewane, lakini mbebaji huambiwa tu, "Chukua hiyo hiyo." Ukifika sokoni leo, patana naye kabla hajainua mzigo, na akiutua, mlipe hapo hapo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.