Bastola ya Kweli, Boksi la Kweli

Sisi wa uwanda wa Makonde tunajua kwamba guni si korosho. Mnunuzi anayeijua kazi yake hatosheki na alama zilizopigwa juu ya guni. Huchomeka bambo, akachota kutoka katikati, akazitazama zile korosho kiganjani, ndipo akasema neno. Guni lenyewe likiisha kumwagwa halina heshima tena. Litaanikiwa muhogo au litazibiwa dirisha. Kwa hiyo mtu wa huku Kitangari akiambiwa kwamba wapo watu duniani ambao wamekwisha kuridhika na kitu chenyewe, na bado wanakesha wakichunguza boksi lake, atacheka. Hata hivyo mimi naona kwamba watu hao wamegusa swali la maadili ambalo linatuhusu sote.

Nawazungumzia wakusanyaji wa bastola za zamani, hasa zile zenye silinda inayozunguka ziitwazo rivolva. Kwetu silaha ni jambo la leseni na polisi, wala simshauri mtu aanze kuzikusanya. Lakini Ulaya na Marekani hununuliwa minadani kama wengine wanunuavyo stempu au sarafu za kale, na bastola iliyo ndani ya boksi lake la asili huuzwa kwa bei kubwa kuliko iliyo peke yake. Sababu yake si ngumu. Boksi la karatasi ngumu halikutengenezwa lidumu. Mwenye bastola alikitunza chuma, boksi akaliachia watoto, mvua na panya. Kwa hiyo kilichokuwa cha kutupwa kikawa adimu, na kilichokuwa adimu kikawa na thamani. Na penye thamani mghushi hakosi.

Wajuzi wa kazi hii hutazama mambo mengi. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 viwanda vya Marekani, kama vile Smith & Wesson na Colt, vilikuwa na desturi ya kuandika namba ya bastola kwenye boksi lake, ama kwa penseli chini ya boksi, ama kwenye lebo ya ubavuni. Namba hizo zikilingana, huo ni ushahidi mkubwa. Hutazama pia karatasi yenyewe. Karibu na miaka ya 1950 viwanda vya karatasi vilianza kutumia kwa wingi dawa ya kuongeza weupe, na dawa hiyo hung'aa rangi ya buluu chini ya taa ya urujuanimno. Boksi linalodaiwa kuwa la mwaka 1910 likiwaka hivyo, limejisema lenyewe. Likiwa ni sanduku la mbao la karne ya 19, huangaliwa skrubu, gundi na kitambaa cha ndani. Bastola iliyolala mahali pamoja miaka mia moja huacha alama: kitambaa hukandamizika penye uzito, hunywa mafuta, na pale palipofunikwa rangi haipauki sawa na pengine. Alama hiyo ikiwa ya umbo jingine, basi aliyelala humo alikuwa mwingine.

Uchunguzi huo hutuletea hali tatu. Ya kwanza ni boksi lililotengenezwa juzi, likapakwa maji ya chai lionekane kuukuu, likabandikwa lebo ya kuiga. Huo ni uongo wa wazi, na hauna haja ya falsafa. Ya pili ni boksi la kweli lililochakaa, likaungwa pembe zake, na mwenyewe akasema kwamba limeungwa. Hapo hapana kosa. Hali ya tatu ndiyo yenye mgogoro. Bastola ni ya kweli, tuseme ya mwaka 1920. Boksi nalo ni la kweli, la kiwanda kilekile na mwaka uleule. Lakini havikutoka kiwandani pamoja. Boksi lilikuwa la bastola nyingine ambayo imekwisha kupotea. Mfanyabiashara amelinunua likiwa tupu, ameweka bastola yake ndani, amefunga kifuniko na kuandika bei. Hakusema lolote.

Je, mtu huyu amekosa nini? Ukimshtaki atajibu kwamba kila alichouza ni halisi, na kwamba hakufungua kinywa. Majibu yote mawili ni ya kweli. Ajabu ni kwamba kweli mbili zimewekwa pamoja, na jumla yake ikawa uongo.

Fumbo hili hufumbuka tukilitazama vizuri neno asili. Tukisema kwamba bastola ni ya asili, tunatoa habari za chuma. Tukisema kwamba boksi ni la asili kwa bastola hii, hatutoi tena habari za karatasi. Tunatoa habari za uhusiano, yaani vitu hivi viwili vilianza safari pamoja. Uhusiano ni jambo la historia, na historia huhitaji shahidi. Sasa anayeweka kitu ndani ya kingine na kukitoa hadharani amekwisha kushuhudia, hata kama midomo yake imefungwa. Kama mfanyabiashara yule kweli hakukusudia kusema kitu, angeandika bei ya bastola peke yake na bei ya boksi tupu peke yake. Ile nyongeza aliyoiweka juu ya bei hizo mbili ndiyo sauti yake.

Katika maisha ya ualimu nimeshika vyeti vingi, na sioni tofauti kubwa kati ya cheti na boksi lile. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Hao ni wale wa boksi lililopakwa chai. Lakini taarifa ilitaja pia watumishi wengine zaidi ya 1,500 ambao vyeti vyao vilikutwa vikitumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Katika kundi hili karatasi inaweza kuwa ya kweli, muhuri wa kweli, na aliyeishika ni mtu wa kweli aliyeamka alfajiri kwenda kazini. Kinachokosekana kwa yule asiye mwenyewe ni ukweli wa kile kinachomuunganisha na karatasi.

Wapo waliouliza: kama mtu huyo amefanya kazi vizuri miaka ishirini, dhara iko wapi? Bastola nayo haipungukiwi na kitu kwa kulala katika boksi la mwenzake. Hoja hii ina uzito, lakini humtazama mnunuzi peke yake na kumsahau asiyekuwapo. Boksi lenye namba ya bastola iliyopotea lilikuwa shahidi wa mwisho kwamba bastola ile iliwahi kuwako. Mara nyingi, ili lifanane na bastola ngeni, ile namba ya zamani hufutwa. Cheti nacho kina mwenyewe, aliyekesha na kibatari akisoma, na jina lake sasa limevaliwa na mwingine. Wizi wa namna hii huchukua nafasi ya mtu katika kumbukumbu za dunia, na nafasi hiyo hairudishwi kwa fedha.

Nirudi kwenye silaha, maana sisi wa huku tuna sababu yetu wenyewe ya kulipima jambo hili. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilipokea bastola ya Webley Mk VI, na maofisa wake walipigana na bastola za Webley katika Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki. Novemba 1917 vita hiyo ilifika Masasi na Newala, na tarehe 25 ya mwezi huo Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na jeshi lake kuingia Msumbiji. Silaha hizo hazikupanda uwanda huu zikiwa katika maboksi ya dukani. Zilikuja viunoni, ndani ya ala za ngozi zilizolowa jasho. Shehena iliyobaki ilikuja katika makasha juu ya vichwa vya wapagazi, kwa kuwa mbung'o walimaliza wanyama wa kubeba mizigo. Kwa hiyo mtu akionyesha bastola na kudai kwamba ilipigana Newala, kisha akaitoa katika boksi safi lisilo na mkwaruzo, boksi hilo halimsaidii. Linatufanya tuulize zaidi. Kwa silaha ya namna hiyo, kukosa boksi ndiyo asili yake.

Na wapagazi wenyewe? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina kwenye kumbukumbu, au hawakukumbukwa kabisa. Bastola iligongwa namba kiwandani, na baada ya miaka mia moja bado yupo anayetafuta boksi lenye namba hiyo. Aliyebeba kasha la risasi zake hana hata jiwe.

Sisemi hivi ili kuwadharau wakusanyaji. Kinyume chake, natamani tuuazime uangalifu wao na kuutumia kwa watu. Mkusanyaji mwaminifu akikosa boksi husema kwamba hana, wala halijazi pengo kwa kitu kilichofanana. Nasi tuwe hivyo. Ukoo usiojua babu yao aliyekwenda upagazini alifia wapi hupata kishawishi cha kuchukua kaburi lolote la zamani, au jina lolote linalofanana katika daftari, na kusema ndiye. Kaburi ni la kweli, na babu alikuwa mtu wa kweli. Lakini tukiviunganisha bila ushahidi, babu yetu hatutakuwa tumempata, na yule aliyelala pale tutakuwa tumempoteza kwa mara ya pili. Ni afadhali wajukuu waambiwe: alikwenda, hakurudi, hatujui alipozikwa.

Na mfanyabiashara wetu afanye nini? Hana haja ya kulitupa boksi wala kuitenga bastola. Achukue kipande cha karatasi na kuandika: boksi la wakati uleule, lakini si la bastola hii; na kama kuna namba ya zamani, aiache isomeke. Bei itashuka. Kiasi kitakachopungua ni kile ambacho mnunuzi angelipia jambo ambalo halikutokea, na hakuna muuzaji mwenye haki nacho.