Huruma na Haki katika Ofisi ya Utumishi

Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yamhusu hasa afisa utumishi, ambaye mbele ya meza yake hupita mfiwa, mgonjwa, mama mjamzito na mtu aliyeachishwa kazi. Je, afisa huyo alie pamoja nao, au aufanye moyo wake kuwa jiwe?

Ubaya wa moyo wa jiwe twaujua. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi na dharau ya viongozi, na wafanyakazi wa viwandani wakausimamia katika kudai heshima yao.

Lakini moyo uliofurika nao una dhuluma yake. Tuchukue mfano wa wafanyakazi wawili waliofiwa na wazazi. Mmoja aangua kilio ofisini. Mwingine, kwa tabia yake, anyamaza. Afisa aongozwaye na machozi atampa wa kwanza siku nyingi za malipo, na wa pili chache. Huo ni upendeleo uliovaa kanzu ya huruma. Ndiyo maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea aliyefiwa na mzazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 4, alie asilie.

Msomaji atauliza: siku 4 zamfaa nini mtu aliyeko Mtwara, na msiba uko Kigoma? Swali hili ni la haki. Sheria yamruhusu mwajiri kuongeza siku zisizo na malipo, na hapo ndipo huruma ipatapo kazi yake: kuziidhinisha bila kumsumbua mfiwa, kumtafutia wa kushika zamu yake, kuitunza siri yake, na kumjulia hali arudipo.

Mila zetu za msiba zatufundisha kipimo. Wako wakaao mkekani wakilia na mfiwa. Wako pia wachimbao kaburi, wapikao, na yule aandikaye rambirambi senti kwa senti. Huyu akichanganya hesabu kwa sababu ya machozi, mfiwa ndiye atakayepata hasara. Wala hakuna amwambiaye kuwa hana uchungu.

Basi tusimtake afisa utumishi asiumie. Tumtake aumie, na bado aweze kuisoma sawasawa karatasi iliyo mbele yake. Vijana walio shuleni leo ndio watakaokalia kiti hicho kesho. Na wajifunze mapema kupika msibani, si kulia tu.