NGITILI NI AMANA, TUSIWAUZIE WENYE NGUVU

Shukrani zote njema ni za Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, kiangazi kilichopita nilikuwa Kimali, mkoani Simiyu. Baada ya swala ya Alasiri mzee mmoja alinipeleka kuona ngitili ya kijiji. Nilitazamia majani marefu, nikakuta vumbi na samadi. "Shehe," akaniambia, "tuliifunga tangu masika. Akaja mtu mwenye ng'ombe mia nne na pesa mkononi, waliokabidhiwa kuilinda wakamfungulia. Mimi mwenye ng'ombe sita niende wapi?"

Pale nilinyamaza. Leo namjibu.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Ukame ndio uliowafundisha wazee desturi hiyo, na desturi hiyo ikailinda ardhi. Ndivyo Allah alivyotuweka: nchi humlea mtu, na mtu huilea au huiua nchi.

Tumeshuhudia yote mawili. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, ngitili nyingi zikaachwa. Shinyanga, ambayo wakati huo ilijumuisha pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo, ikafananishwa na jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walipoirudia desturi ya wenyeji, migunga ilichipua yenyewe. Hadi mradi unamalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000.

Katika Suratur-Rum, aya ya 41, Allah anatukumbusha kwamba uharibifu wa nchi kavu na baharini unatokana na yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao. Basi tusisingizie mvua peke yake.

Uislamu nao una ngitili yake, nayo ni hima. Zama za ujahiliya wakubwa walijitengea malisho yao binafsi. Mtume (s.a.w.) alilikomesha hilo, akatenga malisho ya Naqii, karibu na Madina, kwa maslahi ya umma. Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka mlinzi katika hima ya zama zake, alimwamuru awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie matajiri, akiwataja Ibn Awf na Ibn Affan. Hawa walikuwa maswahaba watukufu, wala hakuwatuhumu kwa lolote. Sababu yake ilikuwa wazi: tajiri mifugo yake ikifa ana mitende na mashamba ya kukimbilia, maskini ikifa yake, atakuja na watoto wake akilia mlangoni kwa kiongozi.

Mzee wangu, jibu lako ndilo hilo. Wewe mwenye sita ndiye wa kutangulizwa.

Nanyi mliokabidhiwa ngitili, iwe kwa dagashida au kwa serikali ya kijiji, hiyo ni amana. Pesa mliyopokea imeshaliwa, na majani pia yameshaliwa. Limebaki swali la Siku ya Kiyama. Rudisheni haki, ifungeni ngitili masika yajayo, na atakayeingia kwanza awe mnyonge.

Wabillahi tawfiq.