Simu ya Mama

Mama ana simu ya kulipia pole pole, shilingi 50 kila siku. Juzi hapa Nyamira mvua ilinyesha siku tatu, hakuenda sokoni kuuza ndizi, na simu ikajifunga. Alitoa laini, akaitia kwenye kabambe ya jirani, akaomba dada yake pesa kwa M-Pesa, akalipa. Ikafunguka.

Mimi nilikasirika. Yeye wala. "Deni ni deni," akaniambia. "Bila hiyo kufuli nani angenikopesha? Sina mshahara, sina hati ya shamba."

Hapo nikakwama, maana ni kweli.

Mwaka wa 2022 Benki Kuu ya Kenya iliwakataza wakopeshaji wa mitandaoni kutisha na kutukana wadaiwa. Vizuri. Lakini kufuli haitukani mtu. Inanyamaza tu.

Mwenye duka letu pia hukopesha. Akitaka kumnyima Mama unga, lazima kwanza amsikie akieleza habari ya mvua. Wakati mwingine amemnyima, lakini baada ya kumsikia.

Kudai ni haki ya mwenye pesa. Kutengeneza kitu ili usiwahi kumsikia unayemdai, hiyo haki sijui aliitoa wapi.