Tairi ngumu za Johnny Mantz

Septemba 4, 1950, sikukuu ya wafanyakazi nchini Marekani, magari 75 yalijipanga matatu matatu, safu 25, kwenye kiwanja kipya cha lami huko Darlington, Carolina Kusini. Yalikuwa magari ya dukani kwelikweli: Oldsmobile, Cadillac, Ford, yale yale ambayo Jumapili ungeyakuta yameegeshwa nje ya kanisa. Mbele yao kulikuwa na maili 500, karibu umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, na NASCAR, chama kinachoendesha mbio za magari ya aina hiyo Marekani, hakikuwa kimewahi kuandaa mbio ndefu kiasi hicho. Katika nafasi ya 43 ilikaa Plymouth nyeusi ya silinda sita. Katika kufuzu, yaani majaribio ya kasi kabla ya mbio, dereva wake, Johnny Mantz wa California, alikuwa na mwendo mdogo kuliko wote waliokuwapo.

Baada ya zaidi ya saa sita za mbio, Plymouth hiyo ilimaliza ya kwanza. Aliyeshika nafasi ya pili, kijana wa miaka 21 aitwaye Fireball Roberts, alikuwa nyuma yake kwa mizunguko tisa.

Kisa hiki nilikisikia mara ya kwanza kwa mjomba wangu. Anaishi Charlotte, mji wenye karakana nyingi za timu za NASCAR ndani na kandokando yake, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Darlington. Ameendesha malori ya masafa marefu kwa miaka mingi, na ana tabia ya kupitisha kiganja juu ya tairi kabla ya kulitazama. Jumamosi moja tulikuwa sebuleni kwake, matokeo ya kufuzu yametoka, na mdogo wangu alikuwa na orodha mkononi, amejaa furaha. Dereva aliyempenda alikuwa wa kwanza.

“Mjomba, hii imekwisha,” alisema. “Hakuna wa kumfikia.”

“Kashinda mzunguko mmoja, mwanangu. Kesho kuna mizunguko mingapi?”

Ubishi ukawaka mpaka chakula kikapoa. Mdogo wangu hakuwa na hoja dhaifu, na sitaki kumwonea. Anayeanza mbele anaona njia, hali moshi wa wenzake, na hayumo katikati ya kundi wanapogongana. Aliyeongoza kufuzu pia huchagua kwanza sehemu ya mafundi wake kando ya njia, na sehemu nzuri huokoa sekunde kila anapoingia kuongeza mafuta. Katika kiwanja kifupi kama Martinsville, chenye urefu wa maili 0.526 tu, kumpita mtu ni kazi ya kutoa jasho. Kwa hiyo timu inayotumia nguvu zake Jumamosi ina sababu.

Lakini gari la Jumamosi na gari la Jumapili yanaweza kuwa na rangi moja na namba moja yasiwe gari moja. Kwa miaka mingi mafundi walikuwa wakiziba uwazi wa mbele wa gari kwa utepe siku ya kufuzu. Hewa ikikosa pa kuingilia, inapita juu. Pua ya gari inakandamizwa chini na gari linakata kona kama limegundishwa. Bei yake ni kwamba rejeta haipati upepo na joto la maji linapanda. Kwa mzunguko mmoja au miwili injini itavumilia. Ukimwachia dereva utepe ule wote kwa maili 500, utaichemsha injini. Upepo wa tairi nao una mambo yake. Siku ya kufuzu unajazwa mwingi, kwa kuwa tairi halina muda wa kupata moto. Siku ya mbio unapunguzwa, kwa sababu joto lenyewe litaujaza. Springi, shokomzoba na uzito ulioegemezwa kwenye kila gurudumu vilifuata hesabu hiyo hiyo. Mwendo wa sekunde chache unadai kitu kimoja, na saa tatu au nne za jua zinadai kingine.

Wakati fulani timu zenye fedha zilifunga injini maalumu ya kufuzu, halafu zikaing'oa na kuweka ya mbio. Mwaka 2002 NASCAR ikaamuru injini moja kwa wikiendi nzima. Mwaka 2005, katika baadhi ya mbio, magari yakaanza kufungiwa baada ya kufuzu, fundi asiyaguse tena isipokuwa kwa mambo machache. Katika mbio hizo aliyetengeneza gari la kumeremeta Jumamosi alilazimika kulitumia hivyo hivyo Jumapili.

Turudi Darlington, maana humo ndimo mjomba alimokuwa akinipeleka tangu mwanzo. Kiwanja kile kilijengwa na Harold Brasington, ambaye alikuwa ameziona mbio za magari za Indianapolis akatamani kitu cha namna ile kwao. Mwenye shamba alikubali kutoa ardhi, lakini hakutaka bwawa lake la vidagaa liguswe, kwa hiyo upande mmoja wa kiwanja ukabanwa na umbo likawa kama yai. Kona za mwisho mmoja hazifanani na za mwisho mwingine. Gari ulilolipanga likubali kona hizi litagoma kule, na kila linapogoma, mpira unalika.

Kufuzu kulichukua siku kadhaa, na waliofuzu mapema walipangwa mbele. Ndiyo sababu Mantz, wa mwisho kwa kasi, hakuwa wa mwisho katika safu. Nafasi ya mbele kabisa ilikuwa ya Curtis Turner wa Virginia, dereva aliyependwa kwa jinsi alivyolitupa gari konani bila woga. Yeye na wenzake walikuwa na injini kubwa na magari mazito. Mantz alikuwa na kitu ambacho hakikuonekana kwenye orodha ya kufuzu: alikuwa amewahi kushindana Indianapolis, na alijua lami hufanya nini kwa mpira mbio zinapokuwa ndefu. Wengi wa wenzake walikuwa wamezoea viwanja vya udongo. Inasimuliwa kuwa alifunga tairi ngumu za aina ya malori, zisizoshika vizuri na zisizokupa kasi, lakini zisizoisha haraka.

Kisha jua likawaka. Tairi za magari ya kasi zikaanza kupasuka, moja baada ya nyingine. Wakaingia, wakabadilisha, wakatoka kwa fujo kufidia muda, wakapasua tena. Wanasimulia kuwa baadhi ya mafundi, walipoishiwa, walikwenda kuomba tairi kwenye magari ya watazamaji. Hebu waza fundi ameinama kwenye nyasi, anafungua nati za gari la familia iliyokuja kutazama, huku gari lake mwenyewe limesimama kwa jeki. Aliyajua yote kuhusu kasi ya gari lake katika mzunguko mmoja. Cha mzunguko wa 200 hakuwa amekiuliza. Mizunguko mia haikuwa imetimu Plymouth ilipokuwa imeshaongoza, na haikupokonywa uongozi mpaka mwisho, kwa mwendo wa wastani wa maili 75 hivi kwa saa.

Jumapili ile ya Charlotte mdogo wangu alikaa karibu na televisheni. Dereva wake aliongoza vizuri mizunguko ya mwanzo. Baadaye gari likaanza kuteleza nyuma kila linapotoka konani, na aliyekuwa wa kumi na kitu akampita taratibu, bila purukushani. Mjomba hakusema neno. Alimsogezea kijana sahani ya mihogo.

Mimi niko upande wa mjomba, na sioni haya kulisema. Nimeona vijana wengi wanaotaka kuingia karakana wakisifu saa ya kufuzu peke yake, na hiyo ndiyo sehemu rahisi kujifunza. Kama wewe ni mmoja wao, mbio zikiisha usikimbilie jukwaa la washindi. Nenda yanakorundikwa matairi yaliyovuliwa, uinue la kushoto na la kulia la gari moja, upitishe kiganja juu yake, kisha umuulize fundi kwa nini hayakulika sawa.