Jiwe Lisilo na Mchawi

Mtoto wa wilayani Maswa akiota uvimbe mgumu kwenye nyonga au kiwiko, kisha mdogo wake akaota vilevile ilhali wazazi ni wazima, wengi watasema ukoo umerogwa au Mungu anaadhibu. Lakini ushahidi huohuo una maelezo mengine. Upo ugonjwa adimu wa kurithi ambao hurundika kalsiamu kwenye nyama laini kandokando ya viungo. Daktari Alberto Inclán wa Cuba na wenzake waliuelezea mwaka 1943. Kila mzazi hubeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu bila kuumwa. Mtoto anayerithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, figo zake hubakiza fosfeti kupita kiasi. Picha ya eksirei huonyesha mawe, na kipimo cha damu huonyesha fosfeti iliyopanda. Hutibiwa kwa upasuaji, lishe na dawa za kupunguza fosfeti, ingawa uvimbe huweza kurudi.

Atakayepinga atasema: daktari ameeleza namna tu, hajajibu kwa nini mtoto huyu. Ni kweli, na maabara haitalijibu swali hilo. Lakini pengo hilo si ruhusa ya kumtwisha bibi kizee fulani hatia ya uchawi. Kitabu cha Ayubu kinakataa kusoma dhambi katika vidonda vya mgonjwa. Rafiki za Ayubu walikosea walipogeuza huruma kuwa mashtaka. Tusilolijua lituongezee unyenyekevu, na tunalolijua litupeleke hospitali.