Besi Haijui Mlango

Kubadilisha spika za milango kwenye Vitz ni mambo yako. Pandisha vioo, na sauti nyingi nyembamba zitabaki ndani na wewe. Kesi ni besi. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, zaidi ya gari mbili za aina hiyo; kioo hakilizuii, ukuta nao kidogo tu.

Jioni pale Mama Ngina, mihogo na madafu, buti ziko wazi. Kijana atakwambia: nyumbani sina hata chumba, gari ndiyo sebule yangu. Hoja hiyo mimi naikubali, tena sana. Lakini gari dogo lina siri yake. Kwa ule udogo, besi hujijenga yenyewe ndani, hata wufa ya inchi 8 yatosha kukutetemesha kifua. Ya inchi 12, buti wazi, inawaimbia walio nje. Kutaka kuonekana, sawa, nani hataki? Kanuni za kelele za 2009 zipo, na matatu zinazipita kila siku. Ila Hospitali ya Mombasa iko hapohapo Kizingo, na mgonjwa hawezi kuwasha gari akaondoka.